MAISHA YA MWALIMU JULIUS NYERERE NA HAZINA YAKE YA MANENO

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba, 1999, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Hata hivyo sisi watu wa Rufiji twaishi na jina lake. Kwetu ni Mbwara, na mto ulioipa wilaya yetu jina umejengewa bwawa kubwa la umeme, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, nalo laitwa Bwawa la Julius Nyerere. Mengi yamekwisha andikwa juu ya siasa yake na uongozi wake, wala sina nia ya kuyarudia yote. Nataka kueleza jambo moja: jinsi mtoto mchunga mbuzi, ambaye hakuingia shule mpaka alipofika umri wa miaka 12, alivyojipatia maneno mengi ya Kiingereza, na jinsi alivyoyatumia.

Jambo hili latuhusu sana sisi wanafunzi. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na tulipoingia Kidato cha Kwanza tulizikuta Historia, Jiografia, Baiolojia na Hesabu zote zimevaa nguo za Kiingereza. Tangu siku ile kila mmoja wetu yuko mbioni kukusanya maneno. Wako wenzetu mabwenini ambao hunakili maneno 20 ya kamusi kila usiku, tena huchagua yale marefu na magumu, wakayakariri mpaka taa zizimwe. Asubuhi huyatoa mbele ya watoto wa Kidato cha Kwanza ili waogopwe. Lakini mtihani huuliza sababu ya jambo, wala hauulizi ni nani ajuaye neno refu kuliko wenzake. Mpunga uliofungiwa ghalani haumshibishi mtu mpaka utwangwe, upepetwe, upikwe. Nimesoma maisha ya Mwalimu kwa nia ya kujua yeye aliutwanga vipi mpunga wake.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922, katika kijiji cha Butiama, karibu na Ziwa Nyanza. Baba yake alikuwa Chifu Burito wa Wazanaki, mwenye wake 22, na mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana, kwa hiyo akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa imani ya watu wake. Alikulia katika lugha ya Kizanaki, lugha ya kabila dogo. Kazi yake ya utotoni ilikuwa kuchunga, kama vile kwetu mtoto anavyokaa juu ya dungu kulinda mpunga usiliwe na ndege.

Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 kutoka kwao. Huko ndiko alikoanza kusoma, na masomo ya miaka minne akayamaliza kwa miaka mitatu. Mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora. Basi tazameni: mtoto huyu alikuwa na lugha ya nyumbani, akaongeza Kiswahili, kisha Kiingereza juu yake. Hali hiyo ndiyo ya wengi wetu hadi leo, maana wako miongoni mwetu waliofika shuleni na Kirufiji, Kimatumbi au Kingindo kinywani. Lugha ya nyumbani haikumzuia kujifunza zile nyingine, na baadaye mtaona kwamba ilimfaa sana.

Huko Tabora alipenda mijadala. Yafaa tuufikiri vizuri mjadala. Mtu asomaye peke yake aweza kulipita neno asilolielewa, akaendelea na ukurasa kama kwamba hapakuwa na kitu. Lakini asimamaye kujadili hana njia ya kupita. Akitumia neno ambalo maana yake haijui, mpinzani wake atamwuliza, na wote watamtazama. Hivyo mjadala ni kinu: neno huingia na maganda likatoka jeupe. Hapo Tabora pia kijana huyu alizoea kusema wazi alipoona viranja wakijipa haki wasizostahili. Kumbe alikuwa na haja na maneno, kwa sababu alikuwa na mambo ya kusema.

Mwaka 1943 alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu, akakaa huko mpaka 1945. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi nimelipenda kupita yote. Alikutana na maandishi ya John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, ambaye mwaka 1869 alitoa kitabu juu ya jinsi wanawake walivyowekwa chini ya wanaume. Kitabu kile ni kigumu, sentensi zake ni ndefu, na maneno yake si ya kila siku. Nyerere hakukinakili ili aonekane msomi. Alizichukua fikra zile akaandika insha yake mwenyewe, akizipima kwa hali ya wanawake wa kwao. Alikuwa mtoto wa mke wa tano katika nyumba ya wake 22, basi kila neno la Mill juu ya haki na utumwa alikuwa na mahali pa kulijaribia: kazi ya mama yake, na nafasi ya mama yake mbele ya wazee. Neno lililopita katika njia hiyo halisahauliki.

Alipomaliza Makerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Kisha, mwaka 1949, akapata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika nchi ya Scotland. Alisoma huko mpaka 1952 akapata shahada ya M.A. Masomo yake yalikuwa ya namna nyingi: uchumi, historia ya Uingereza, sheria za katiba, falsafa ya maadili, elimu ya jamii za watu, na fasihi ya Kiingereza. Kwa maoni yangu hapa pana fundisho kwa wale wasemao kwamba maneno ya Kiingereza hupatikana katika kipindi cha Kiingereza tu. Kila somo lina maneno yake. Mchumi analo lake, mwanasheria analo lake, na mshairi analo lake. Mwanafunzi anayelala katika kipindi cha Jiografia anapoteza maneno ambayo mwalimu wa Kiingereza hatampa kamwe.

Mwaka 1953 Nyerere alimwoa Bibi Maria Gabriel, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha T.A.A., na tarehe 7 Julai, 1954, chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwezi wa Machi 1955 watu walichanga fedha, akapelekwa New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza.

Fikirini mzigo aliokuwa nao siku ile. Nyuma yake walikuwako watu wa Tanganyika, ambao wengi wao hawakujua Kiingereza hata neno moja: wakulima, wavuvi, akina mama waliotoa senti zao. Mbele yake walikaa wajumbe wa mataifa, na serikali ya Uingereza ilikuwa na watu wake wa kumjibu. Kama angalitumia maneno makali kupita kiasi, wangalisema huyu ni mchochezi. Kama angalitumia maneno malegevu, wangalisema Waafrika wameridhika. Alieleza kwa utulivu kwamba nchi ile kwanza ni ya Waafrika, na kwamba wao wataka kujitawala kwa njia ya amani. Mambo yale yalieleweka, kwa sababu alichagua maneno yaliyolingana na haja, hayakuzidi wala hayakupungua. Huo ndio ustadi wa juu wa lugha, na hauhitaji neno la kumtisha mtu.

Aliporudi ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi ya Pugu na mshahara wake. Akarudi nyumbani upande wa Musoma, na kwa muda akafanya kazi kwa mapadre wa Maryknoll, ya kumfundisha padre mmoja Mmarekani lugha ya Kizanaki na kutafsiri maandiko ya kanisa kwa lugha hiyo. Huenda mtu akaona kazi hiyo ni ndogo kwa mwenye shahada ya Edinburgh. Mimi naona ilikuwa shule nyingine. Anayemfundisha mgeni lugha yake mwenyewe huulizwa mambo ambayo hajapata kuyafikiri: neno hili latoka wapi, latofautianaje na lile, mbona hapa mwasema hivi na pale vile. Akiyajibu hayo kwa Kiingereza, azijua lugha zote mbili zaidi kuliko jana.

Mwaka 1958 alionja upande mwingine wa maneno. Gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, lilitoa makala yake iliyowashutumu baadhi ya wakuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Alishtakiwa kwa kashfa, na mahakama ikamhukumu kulipa shilingi 3,000 au kwenda gerezani miezi sita. Faini ikalipwa. Nayataja haya kwa ajili ya wenzangu wanaodhani maneno ni mapambo. Neno lililoandikwa hushikwa, husomwa mahakamani, na mwenye kuliandika hujibu.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, na mwaka mmoja baadaye, ilipokuwa jamhuri, Nyerere akawa Rais wa kwanza. Sasa akaanza kazi ya kuzifanyia haki lugha zote mbili. Hotuba na maandishi yake ya Kiingereza yalikusanywa katika vitabu vya Freedom and Unity mwaka 1966, Freedom and Socialism mwaka 1968, na Freedom and Development mwaka 1973. Kwa upande wa Kiswahili alitafuta maneno ya kubeba mambo mapya. Mwaka 1962 alilichukua neno ujamaa, ambalo zamani lilikuwa na maana ya udugu wa watu wa jamaa moja, akalipa kazi ya kutaja siasa nzima ya nchi. Mwaka 1967 Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lisimamie maendeleo ya lugha hiyo.

Hapa yanipasa kusema na lile la kwetu, maana maisha ya mtu mkubwa hayana upande mmoja. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda kukaa vijijini, penye miinuko. Mashamba ya mpunga yalibaki bondeni, karibu na maji, na watu wakawa na mwendo mrefu kati ya nyumba na riziki yao. Wazee wengine husema kuhama kuliwaleta karibu na shule na zahanati. Wengine husema waliacha minazi, miembe na makaburi ya wazazi wao. Kwa hiyo neno ujamaa, ambalo katika kitabu lina maana moja nzuri, kwa mzee wa Rufiji lina maana ya safari ile pia. Kamusi haimwonyeshi msomaji jambo hili. Yeyote atakaye kulijua neno barabara, na awaulize pia watu waliolibeba mabegani.

Sasa nafika kwenye kazi ambayo kwayo hazina ya Mwalimu ilionekana wazi. Mwaka 1963, akiwa Rais mwenye shughuli zisizohesabika, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, ulioandikwa yapata mwaka 1599. Kiingereza cha Shakespeare huwasumbua hata Waingereza wenyewe. Ili kuutafsiri mstari mmoja, yampasa mtu aijue maana ya kila neno la siku zile, aijue nia ya mwenye kusema, kisha atafute Kiswahili chenye uzito uleule, tena kikae katika ushairi. Mwaka 1969 akautoa tena mchezo huo ukiwa umesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Tafadhalini lisimameni neno hilo kidogo. Mkuu wa nchi, mwenye shahada, aliirudia kazi yake mwenyewe baada ya miaka sita na kuitengeneza. Nani basi katika sisi ataona haya kurudishiwa insha yake yenye wino mwekundu?

Mwaka huohuo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya The Merchant of Venice. Kichwa cha Kiingereza chamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu angaliweza kuandika mfanyabiashara, au tajiri, asingalilaumiwa. Lakini alichagua bepari, neno lililoingia katika Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na akaliweka katika wingi. Wakati ule, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno bepari lilikuwa limekwisha pata maana ya mtu anayenenepa kwa jasho la wengine. Basi kwa neno moja tu msomaji alikwisha ambiwa mchezo ule autazame kwa jicho gani. Wako wasiokubaliana na uchaguzi huo, na ni haki yao. Walakini hakuna awezaye kusema kwamba lilikuwa neno la kubahatisha.

Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari yake. Kwa tendo hilo akakipa Kiswahili neno lililotoka katika Kizanaki cha mama yake, yaani kung'atuka. Leo neno hilo latumika nchi nzima, hata na watu wasiojua Butiama iko wapi. Katika uzee wake aliendelea kutafsiri, na mwaka 1996 zilitolewa tenzi zake za Injili na za Matendo ya Mitume. Alifariki London akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa kwao Butiama.

Ndugu wasomaji, katika maisha haya mimi nimeona mambo matatu. Kwanza, Mwalimu aliyapata maneno kwa kuwa alikuwa na jambo la kutaka kulijua au kulisema, na neno likaja kama chombo cha kazi. Pili, kila alichokisoma alikivusha kwenda katika lugha ya kwao, kama mvushaji apelekaye mtumbwi ng'ambo ya mto na kurudi nao. Tatu, hakuidharau lugha moja kwa ajili ya nyingine. Alikipigania Kiswahili, na bado mwaka 1984 alitetea Kiingereza kiendelee kufundishia katika shule za sekondari, kwa kuwa ndicho kinachotuwezesha kusema na mataifa mengi. Watu wazima bado wanashindana juu ya jambo hilo, lakini mtihani wetu hautangoja washindane mpaka mwisho.

Wazazi wetu nao wana haja na maneno hayo kuliko tunavyodhani. Nikiwa likizo Mbwara, majirani huniletea karatasi ya dawa, au maandishi ya pampu ya maji, au dawa ya kunyunyizia mikorosho, yote yakiwa ya Kiingereza, wakasema: mjukuu, tusomee. Hapo neno refu la kuwatisha watoto wa Kidato cha Kwanza halina kazi yoyote. Bibi ataka kujua vidonge ni vingapi, mara ngapi kwa siku, na kabla ya chakula au baada yake. Anayeweza kulitoa hilo katika Kiingereza kigumu na kuliweka katika Kiswahili ambacho bibi ataelewa, huyo ndiye mwenye maneno. Akikosea, atakayeumwa si yeye.

Kwa sababu hiyo mimi na wenzangu watatu wa bweni tumepatana jambo. Kila Jumamosi jioni twachukua aya moja ya Kiingereza kutoka kitabu chochote cha masomo, kila mtu anaitafsiri peke yake, kisha twazisoma zote nne kwa sauti na kubishana. Juma lifuatalo twairudisha tafsiri katika Kiingereza bila kukitazama kitabu, ndipo tunalinganisha. Maneno tunayopata si mengi, labda matano au sita kwa juma, lakini haba na haba hujaza kibaba, na hayo matano huwa yamekwisha twangwa. Twawaomba walimu wetu watusahihishie bila huruma, na twawakaribisha wanafunzi wa vidato vyote. Tunakutana maktaba, baada ya chakula cha jioni. Njooni na kalamu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, mwenyeji wa Mbwara, Rufiji